Saa Kumi na Moja Jioni Sokoni

Somo: Mathayo 20:1–16

  

Leo nataka tuzungumze juu ya mtu asiye na kazi. Sisemi juu ya mvivu. Habari za mvivu tumezihubiri mara nyingi, na yeye mwenyewe kwa kawaida huwa amelala tunapohubiri. Nasema juu ya mtu aliyeamka alfajiri, akanawa, akapiga pasi shati lake moja la heshima, akatia vyeti katika bahasha ya kaki, akatoka. Vijana wetu wa mjini wameipa shughuli hiyo jina la lami, kwa sababu soli za viatu huishia barabarani.

Mtu huyo akirudi jioni mikono mitupu, sote twajua anachokosa. Anakosa kodi ya nyumba, karo ya watoto, na unga. Haya ni mambo makubwa, wala mtu asiyadharau kwa maneno matamu ya mimbarini. Lakini kuna jambo jingine analolikosa, nalo hulitaji kwa sauti ya chini, au halitaji kabisa. Amekosa mtu wa kumwambia, "Wewe twakuhitaji." Mchana kutwa amepita mbele ya macho mengi, na hakuna jicho lililomwona. Hilo ndilo nataka tulitazame leo: kwa nini binadamu anahitaji kutambuliwa na wenzake, na Neno la Mungu lasema nini juu ya haja hiyo.

Tuanze na maneno yetu wenyewe. Kiswahili kimehifadhi historia ndani ya neno kibarua. Kibarua ni barua ndogo. Zamani katika Pwani, mtu aliyeajiriwa kwa siku alipewa kijikaratasi, naye alikirudisha alipopokea ujira wake. Kidogo kidogo jina la karatasi likamhamia mtu, hata leo mtu mwenyewe huitwa kibarua, na kazi yake huitwa kibarua. Akifutwa, twasema kibarua chake kimeota nyasi. Ndugu msikilizaji, fikiri: mtu amebeba jina la karatasi aliyopewa na mwingine. Bila karatasi ile hakuna aliyejua kwamba alifanya kazi siku hiyo, ijapokuwa jasho lilikuwa bado linamtiririka.

Kisha wakati wa ukoloni kikaja kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikatekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alitakiwa kuandikishwa, kuchukuliwa alama za vidole, na kutembea na cheti hicho. Wengi walikitia ndani ya kikebe cha chuma na kukining'iniza shingoni. Humo mwajiri aliandika siku ya kuanza kazi, siku ya kuimaliza, na mshahara. Mtu ambaye mwajiri wake hakutia sahihi ya kumwachilia alihesabiwa kuwa mtoro. Wazee wetu walikichukia kipande, nao walikuwa na haki. Heshima ya mtu mzima ilikuwa imewekwa katika kalamu ya mtu mwingine, ambaye pengine hakulijua hata jina lake sawasawa.

Siku hizi hakuna kikebe shingoni, ingawa watu bado huita kitambulisho kipande. Lakini anayetafuta kazi angali anahitaji sahihi za wengine: cheti cha shule, cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, barua ya chifu, barua ya mchungaji, na majina ya watu watakaomshuhudia. Na kama hajulikani na mtu yeyote mwenye cheo, atashuhudiwa na nani?

Nyakati ngumu huzidisha jambo hili. Katika miaka ya 1990 serikali yetu ilipunguza watumishi wake kwa maelfu, na watu waliozoea kuitwa bwana karani wakajikuta wakiuza nguo za mitumba. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia, ndege za abiria kutoka nchi za nje zilisimamishwa tangu mwisho wa Machi hadi Agosti. Hoteli nyingi za Pwani zikafunga milango. Wapishi, wahudumu na madereva wakarudi makwao wakiwa na ujuzi wao wote mikononi, na hapakuwa na wa kuuhitaji. Ujuzi ulikuwa ule ule wa Februari. Kilichotoweka ni mtu wa kuuita.

Jambo hili limechunguzwa pia na wataalamu. Katika nchi ya Austria kulikuwa na kijiji kilichoitwa Marienthal, ambacho karibu watu wake wote walitegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kikafungwa kati ya mwaka 1929 na 1930. Wachunguzi wakaenda kuishi karibu na watu wale, na kitabu chao kikatoka mwaka 1933. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja mtaalamu, Marie Jahoda. Walidhani watu wasio na kazi, kwa kuwa sasa wana nafasi nyingi, watasoma zaidi na kukutana zaidi. Waliyoyaona ni kinyume. Vitabu vilivyoazimwa katika maktaba vilipungua karibu nusu, ingawa kuazima kulikuwa bure. Wanaume walitembea polepole njiani, wakisimama mara kwa mara pasipo sababu, na wengi waliacha kuvaa saa. Saa ya nini, kama hakuna anayekungoja mahali popote? Miaka mingi baadaye Jahoda alieleza kwamba kazi humpa mtu mambo mengine pamoja na mshahara: humpangia siku yake, humkutanisha na watu wasio wa nyumbani kwake, humshirikisha katika kusudi kubwa kuliko lake, humpa nafasi inayojulikana kati ya watu, na humshughulisha. Kazi ikiondoka, yote huondoka siku moja.

Sasa tugeukie somo letu. Bwana Yesu alitoa mfano wa mwenye shamba la mizabibu aliyekwenda sokoni kutafuta vibarua. Alikwenda alfajiri. Akaenda tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Hapa sisi tunaosema Kiswahili tumepata baraka ndogo. Wasomaji wa lugha nyingine wanahitaji kuelezwa saa hizo ni zipi, kwa maana wao huanza kuhesabu usiku wa manane. Sisi twahesabu kama walivyohesabu watu wa Biblia, tangu jua kuchomoza. Saa kumi na moja twaijua. Vivuli vimekuwa virefu, kina mama wanakusanya mboga zilizobaki, matatu zinajaza watu wa kurudi nyumbani. Kazi inafungwa saa kumi na mbili. Ni nani anayeajiri mtu saa hiyo?

Lakini watu walikuwa wangali wamesimama. Umepata kujiuliza kwa nini hawakwenda nyumbani? Nadhani kila asiye na kazi anajua jibu. Nyumbani kuna mlango, na nyuma ya mlango kuna macho ya watoto yanayotazama mikono yako kwanza, kisha uso. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga. Ni afadhali kusimama sokoni mpaka giza liingie.

Namfikiria baba mmoja ambaye sitataja jina lake wala mji wake. Alipomwaga unga hakumwambia mkewe. Kila asubuhi alichukua mfuko wake akatoka, akashinda akizunguka mjini, akarudi jioni kwa saa ile ile. Aliendelea hivyo miezi mitatu, akikopa huku na huku ili ionekane kuna mshahara. Mkewe alijua tangu juma la pili, kwa sababu viatu vilikuwa vinarudi bila lile vumbi la kazini. Naye alinyamaza, asije akamvunjia heshima. Basi watu wawili wakalala kitanda kimoja, kila mmoja amebeba mzigo ule ule peke yake. Hata usiku mmoja mama yule akasema, "Baba watoto, najua. Kesho usitoke. Ua wa nyuma umeanguka, tuujenge pamoja." Mume alilia. Kazi ya mjini ilikuwa bado haijapatikana, na madeni yalikuwa pale pale. Lakini palikuwa na mtu aliyemjua alivyo, na bado akamhitaji.

Turudi sokoni. Mwenye shamba aliwauliza watu wale kwa nini wamesimama mchana kutwa bila kazi. Ulimwengu huuliza swali hilo kwa kulaumu, na hauna haja ya jibu. Yeye aliuliza, akasikiliza. Wakamjibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Angalieni sasa: hakubishana nao. Hakuwaambia walichelewa kuamka, wala kwamba mashamba mengine yalikuwa na nafasi. Aliwasadiki. Mara nyingi sisi Wakristo hupungukiwa hapo. Tunamkumbuka Paulo alivyowaandikia Wathesalonike maneno makali juu ya mtu asiyetaka kufanya kazi, tukayageuza kuwa fimbo ya kumpigia mtu aliyekosa kazi. Asiyetaka na aliyekosa ni watu wawili. Tusiwachanganye, maana tutamjeruhi mtu ambaye Bwana amemwita.

Tena, mwenye shamba alikuwa na msimamizi. Tunamwona katika mstari wa nane akiitwa kulipa ujira. Angeweza kumtuma sokoni. Lakini alikwenda mwenyewe, mara tano kwa siku moja, katika jua lile. Mtu mwenye haja ya vibarua tu angeajiri wote asubuhi, akamaliza. Huyu alikuwa akiwatafuta watu. Na wale wa mwisho aliwalipa dinari moja nzima, ujira wa siku ya mtu wa kazi, kiasi cha kulisha nyumba. Sheria ya Musa iliagiza kibarua alipwe kabla jua halijatua, kwa sababu ni maskini na roho yake inautazamia ujira huo. Mwenye shamba hakupima saa walizofanya kazi peke yake. Alikumbuka pia watoto walio nyuma ya mlango.

Hapo ndipo manung'uniko yalipoanza. Nawaomba mwangalie vizuri walilolalamikia wale wa kwanza. Hawakupunjwa hata senti moja. Walipewa kile walichopatana. Uchungu wao ni kwamba wale wa mwisho walifanywa sawa na wao. Dinari ilikuwa ile ile, lakini ilipoteza utamu mara tu jirani alipopewa kama hiyo.

Basi kuna njaa mbili za kutambuliwa. Ya kwanza ni ya mtu wa saa kumi na moja, anayetaka kuonekana. Njaa hiyo ni kama njaa ya chakula. Mungu aliiumba, wala si dhambi. Yeye mwenyewe aliona si vema mtu awe peke yake. Njaa ya pili ni ya kutaka kuonekana juu ya mwingine. Hiyo ni kama kiu ya pombe: kadiri unavyoinywesha ndivyo inavyozidi. Ya kwanza hushibishwa na ndugu mmoja anayekujua kwa jina. Ya pili haishibi hata ukipewa kiti cha mbele katika kila harusi.

Kanisa letu lapaswa kujiuliza linalisha njaa ipi. Fikirini Jumapili ya harambee. Majina yanasomwa kwa sauti pamoja na kiasi, na makofi yanapigwa kulingana na tarakimu. Yule kijana wa bahasha ya kaki ameketi nyuma akiwa na shilingi ishirini, anasubiri kusomwa. Jumapili inayofuata hayupo. Twasema amepoa kiroho. Pengine hakupoa, amechoka kusimama sokoni siku sita, kisha siku ya saba akute soko jingine kanisani. Sadaka yaweza kutolewa bila tarumbeta. Bwana wetu alitufundisha hivyo, na halihitaji mkutano wa kamati kuanza.

Biblia yatupa watu wawili wa kutusaidia katika jambo hili. Wa kwanza ni Daudi. Samweli alipofika nyumbani kwa Yese kumtafuta mfalme, wana saba waliletwa mbele yake, mmoja baada ya mwingine. Wa nane alikuwa malishoni na kondoo. Baba yake mwenyewe hakumwita mpaka Samweli alipouliza kama wamekwisha. Wewe uliyeachwa nje ya orodha na watu wa nyumbani mwako, kumbuka kwamba Mungu aliijua njia ya malishoni. Lakini kumbuka pia kwamba ilihitajika mtu wa kuuliza swali lile, na kukataa kuketi mezani mpaka yule asiyekuwapo aletwe. Ndugu zangu, tuwe watu wa kuuliza swali hilo.

Wa pili ni Barnaba. Sauli alipokuja Yerusalemu baada ya kuokoka, wanafunzi walimwogopa, nao walikuwa na sababu. Barnaba alimchukua, akampeleka kwa mitume, akaeleza jinsi Sauli alivyomwona Bwana njiani na alivyohubiri kwa ujasiri Dameski. Alisema yale aliyoyajua, akaweka jina lake mwenyewe kuwa dhamana. Baadaye Paulo naye alifanya vivyo hivyo: alimtambulisha Fibi kwa Warumi, akamwandikia Filemoni barua kwa ajili ya Onesimo. Aliyeshikwa mkono alijifunza kuwashika wengine.

Basi tufanye nini?

Neno la kwanza ni kwa wachungaji, wazee wa kanisa na walimu. Tunaombwa barua za kumshuhudia mtu karibu kila juma. Tusiandike barua ya mtu tusiyemjua, kwa sababu huo ni uongo wenye muhuri. Lakini tusiseme hatumjui kisha tukaishia hapo. Tumwite, tuketi naye, tumpe kazi ya kweli katika usharika: kusoma masomo, kutunza hesabu, kufundisha watoto, kurekebisha umeme. Kazi ambayo wengine hulipwa, naye alipwe. Baada ya miezi michache tutakuwa na jambo la kweli la kuandika.

Neno la pili ni kwa waajiri. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inaagiza kwamba mfanyakazi anapoondoka apewe cheti cha utumishi, isipokuwa kama alifanya kazi chini ya majuma manne mfululizo. Cheti hicho chaonyesha alianza lini, aliacha lini, na alifanya kazi gani. Sheria haikulazimishi kumsifu. Yakulazimisha usiifute miaka yake. Haki hiyo haichagui karani wa ofisi na kumwacha yaya au mtunza bustani. Tena, mtu akikuandikia kuomba kazi, mjibu, hata kama huna nafasi. Jibu la hapana humruhusu mtu kugonga mlango mwingine. Kimya humwacha amesimama mlangoni pako.

Neno la tatu ni kwa jamaa na majirani. Mwacheni kumuuliza kila asubuhi, "Umepata?" Angekuwa amepata, mngesikia vigelegele. Muulizeni ameshindaje. Mwalikeni katika mambo ya nyumbani, mumtake shauri, kwa maana akili yake haikufutwa pamoja na kibarua chake. Na mkisikia mahali pana nafasi, mwambieni siku hiyo hiyo.

Neno la mwisho ni kwako wewe unayetafuta. Waambie ukweli watu wa nyumbani mwako, kabla viatu havijawaambia. Amka kwa saa yako, uandike katika daftari mahali ulipokwenda na siku utakayorudi, usije ukaanza kutembea kama watu wa Marienthal. Omba cheti chako cha utumishi pale ulipofanya kazi. Ni haki yako. Usimpe mtu fedha akuuzie kazi, hata akitaja jina la mkubwa au kukuonyesha picha za ng'ambo, kwa maana wengi wamepoteza hata shamba kwa njia hiyo. Na usijihukumu kwa kimya cha watu. Hajiri alikuwa mjakazi aliyefukuzwa na taabu mpaka jangwani, na huko penye chemchemi ndiko alikomwita Mungu kwa jina la Yeye aonaye. Hakuna mwanadamu aliyekuwa akimtazama, na bado alionekana.

Siwezi kukuahidi kwamba utapata kazi juma hili. Mhubiri anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu ambacho si chake. Naweza kukuambia tabia ya Bwana wa shamba: huenda sokoni mwenyewe, na hata saa kumi na moja bado anatafuta. Na sisi tunaojiita watumishi wake, kama twataka kukutana naye, huko ndiko aliko.

Tuombe.

Ee Bwana, unayewajua watu wako kwa majina, wakumbuke leo wanaorudi jioni mikono mitupu. Wape riziki, na wape mtu wa kuwashika mkono. Waajiri uwape haki, na sisi utupe macho ya kuona. Utuondolee kiburi cha kutaka kuwa juu ya wenzetu, utufundishe kufurahi jirani anapopewa dinari yake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mpaka juma lijalo, kaeni na amani ya Bwana.